Kitabu Kimenishinda, Sikio Halijanishinda



Nina kitabu kimoja ambacho kwa miaka mingi kilikuwa rafuni kikinitazama kama mdai. Nilikuwa nikipita karibu nacho naangalia pembeni. Risiti ya matatu ya Eldoret niliyoitia ndani kuwa alama haikuwa imevuka ukurasa wa tisini na kitu, na wino wake ulikwisha kufifia hata nauli haisomeki. Wenzangu walikisifu. Magazeti ya ng'ambo yalikisifu. Mimi kilinishinda, nikaona haya kusema, maana si kitabu cha mapenzi wala cha upelelezi ambacho mtu anaweza kukiweka kando akasema hakikumfaa. Ni kitabu cha watoto waliokimbia vita. Nani ana uso wa kutamka kwamba watoto waliokimbia vita wamemchosha?

Nitatamka leo, kwa kuwa najua siko peke yangu, na kwa kuwa nina ombi ambalo halitaeleweka bila ungamo hilo kutangulia.

Kitabu chenyewe ni What Is the What cha Dave Eggers, mwandishi wa Marekani. Kilitolewa mwaka 2006 na McSweeney's, shirika la uchapishaji aliloliasisi mwenyewe, la huko San Francisco. Mwenye kisa ni Valentino Achak Deng, Mdinka wa Marial Bai, upande wa kaskazini wa Bahr el Ghazal, katika nchi tunayoiita leo Sudan Kusini. Vita vya Sudan vilipofumuka tena mwaka 1983, wanamgambo wapanda farasi waliviteremkia vijiji vya Wadinka, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe na watu. Achak alikuwa mtoto mdogo alipopoteana na wazazi wake, akaingia katika msafara wa wavulana waliotembea kwa miguu mpaka Ethiopia. Ulimwengu ulikuja kuwaita Lost Boys, wavulana waliopotea, na idadi yao hutajwa kuwa kama 20,000. Walikaa katika kambi ya Pinyudo hadi mwaka 1991. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilipoanguka, walifukuzwa kwa risasi mpaka mto Gilo, na wengi wakafia hapo: wengine kwa risasi, wengine kwa maji, wengine kwa mamba. Waliosalia walitangatanga kusini mwa Sudan, wakavuka mpaka kuingia Kenya mwaka 1992, wakapelekwa Kakuma, Turkana. Valentino aliishi Kakuma hadi mwaka 2001, alipochukuliwa kwenda Marekani, mjini Atlanta.

Kitabu kilifika fainali ya tuzo ya chama cha wahakiki wa vitabu wa Marekani, na tafsiri yake ya Kifaransa ikapata tuzo ya Médicis ya vitabu vya kigeni mwaka 2009. Nikikueleza hivi kwa aya mbili, habari inaingia. Kuisoma kwa kurasa karibu 500 ni jambo jingine.

Nimejiuliza sana ni nini kilichonikwamisha, nikapata mambo matatu.

La kwanza ni wingi wa mateso. Simba anachukua mtoto, kisha njaa, kisha ndege ya mabomu, kisha kiu. Mtoto wa kwanza alipokufa nilifunga kitabu nikakaa kimya. Wa tano alipokufa nilijikuta natazama saa. Nilijiona mtu mbaya. Lakini moyo una kipimo chake kama kibaba. Ukishajaa, kinachomiminwa juu yake huishia sakafuni.

La pili ni sauti. Jalada linasema hii ni tawasifu ya Valentino, kisha hapohapo linasema ni riwaya. Valentino mwenyewe anaeleza katika dibaji kwamba alikuwa mdogo mno kukumbuka kila neno lililosemwa, kwa hiyo alimsimulia mwandishi kwa miaka kadhaa, naye mwandishi akaziba mapengo. Wahakiki wa Marekani walizozana juu ya jambo hilo, wengine wakiona ni ndoa njema, wengine wakiona ni mtu kuvaa ngozi ya mwenzake. Mimi nilisoma kila sentensi na swali lilelile kichwani: huyu anayesema nami sasa hivi ni Achak au ni Eggers?

La tatu ni jambo dogo linalotuhusu sisi wenye lugha hii. Kabla sijakifungua kitabu hicho nilikuwa nimekutana mara nyingi, katika maandishi ya Kiingereza, na usemi kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo pahali. Nenda kwenye kamusi yoyote uliyo nayo. Kiswahili hakina neno hilo kwa maana hiyo. Sisi tukitaka kusema hivyo tunasema nyikani, porini, kusikojulikana. Kakuma ni jina la mji wa Waturkana, na mji huo ulikuwapo kabla ya hema la kwanza kusimamishwa. Lakini uongo huo mdogo umesafiri dunia nzima bila mtu kuuomba pasipoti, na kila nilipokutana nao niliona jinsi hadithi hii inavyosimuliwa juu ya vichwa vyetu. Lugha yetu imetajwa, ila hakuna aliyetuuliza.

Huenda kitabu kilichokushinda wewe ni kingine. Huenda ni A Long Way Gone, kumbukumbu za Ishmael Beah aliyekuwa mtoto askari Sierra Leone. Huenda ni Petit Pays ya Gaël Faye, inayomtazama mvulana wa Bujumbura huku vita vya mwaka 1993 vikimkaribia mpaka mtaani kwao. Jina la kitabu si hoja. Hoja ni ile aibu ya kukaa mbele ya kisa kizito na kukuta moyo umekauka.

Nilikirudia kitabu changu kwa sababu isiyo ya heshima: umeme ulikatika wiki nzima, na simu haina chaji. Nikaanza upya ukurasa wa kwanza, nikaona kitu ambacho mara ya kwanza nilikiruka.

Hadithi haianzii Sudan. Inaanzia Atlanta, katika fleti ya Valentino. Mwanamke anabisha hodi akiomba kupiga simu. Anafunguliwa. Nyuma yake yuko mwanamume mwenye bastola. Wanampiga Valentino, wanamfunga, wanabeba vitu vyake, kisha wanamwacha mvulana mmoja amlinde huku wao wakienda na kurudi. Mvulana anakaa kwenye kochi anatazama televisheni. Valentino yuko sakafuni, hawezi kusema, basi anaanza kumsimulia mvulana huyo maisha yake yote moyoni, kimyakimya. Baadaye, akiwa hospitalini anasubiri saa nenda saa rudi, anamsimulia hivyohivyo karani wa mapokezi. Karani naye hasikii neno.

Kumbe kitabu kizima ni cha mtu anayesema na watu wasiomsikia. Na mimi niliyetazama saa mtoto wa tano alipokufa, nilikuwa nimekaa kwenye kochi lilelile pamoja na yule mvulana. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakujua anasimuliwa.

Safari hii nilisoma bila kujilazimisha kulia, nikaona vitu ambavyo simba walikuwa wamevifunika. Baba yake Achak alikuwa na duka. Duka, msomaji! Mtoto anacheza miguuni pa wateja, anasikia umbea wa watu wazima, anajua nani analipa na nani anakopa. Nani kati yetu hajui duka hilo? Kuna siku baiskeli mpya inafika Marial Bai ikiwa bado imefungwa plastiki, na watu wanabishana kama plastiki iondolewe au ibaki. Nilicheka peke yangu kwenye mwanga wa mshumaa, maana nimekulia nyumba ambayo makochi yake yalikaa na plastiki za dukani hadi zikapasuka zenyewe. Kwa baiskeli hiyo nilimjua Achak kuliko nilivyomjua kwa mamba wote wa mto Gilo. Na nilipomjua, mto Gilo nao ukaanza kuniuma.

Baba huyo ndiye aliyewasimulia wageni hadithi ya Wadinka ya uumbaji. Mungu alimuumba mtu wa kwanza na mkewe, akawapa hiari: chukueni ng'ombe, mnayemwona na kumjua, au chukueni Nini, msichokijua. Walichagua ng'ombe. Tangu siku hiyo swali limebaki: huyo Nini ni nini? Ndilo jina la kitabu. Kwa Kiingereza linasikika kama kitendawili cha mgeni. Kwa Kiswahili linateleza lenyewe. Sisi tuna nini, na tuna nanihii, neno la kitu kilichofika ulimini kikakataa kutoka. Nilipolitamka jina hilo kwa sauti, Nini ni Nini, nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu chumbani anazungumza nami. Nikajiuliza: je, umbali wote ule ulikuwa wa moyo wangu, au ulikuwa pia wa njia ambayo hadithi ilipitia kunifikia?

Ninakaa Kitale. Mabasi ya Lodwar na Kakuma kwetu ni kitu cha kila siku. Ni kama kilomita 400 kutoka hapa hadi kambini. Familia nyingi za Sudan Kusini zimepanga nyumba hapa na Eldoret ili watoto wao wasome. Mmoja wa watu hao ni jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa michongoma. Alifika Kakuma akiwa mtoto, akakulia huko. Kwa miaka sita tumesalimiana juu ya ua, tukaulizana bei ya mahindi na habari za mvua, basi.

Nikampelekea kitabu. "Hiki ni cha watu wa kwenu," nikamwambia, na maneno hayo yalipokwisha kutoka nikayaonea haya. Alikipima mkononi kama mtu anayepima kilo ya nyama. Baada ya wiki mbili akakirudisha.

"Mwalimu, hiki ni kirefu."

"Umefika wapi?"

"Kama hamsini hivi. Hayo ya simba nayajua. Nilikuwa natafuta shule yetu, sikuiona."

Nilicheka, naye akacheka, na kicheko hicho kilinitua mzigo. Kumbe na yeye kilimshinda. Basi nikamuuliza lile ambalo kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza: shule yenu ilikuwaje?

Hapo akaegemea kizingiti. Aliniambia madaftari hayakutosha, kwa hiyo mwalimu alikuwa akichukua daftari moja akalikata katikati kwa wembe, nusu ya juu akampa mtoto huyu, nusu ya chini yule. Sasa, nyuma ya daftari, kama unavyojua, kuna jedwali la kuzidisha. Nalo lilikatwa pamoja. "Sisi wa juu tulijua hadi mara sita," akasema. "Mara saba ilikuwa ya watu wa chini. Mpaka leo, Mwalimu, mara saba inanisumbua." Kiswahili alikipata kwenye laini ya maji: usipojua kukitumia, mtungi wako unarukwa. Tulisimama pale hadi mbu wakatufukuza. Alipokuwa akienda aligeuka akasema, "Watu wote huniuliza simba. Shule hakuna anayeniuliza."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya Kakuma, na sijui ukurasa ulionikaa kama jedwali hilo lililokatwa kwa wembe.

Sasa hesabu nami, msomaji. Valentino aliishi Kenya miaka tisa. Shule za Kakuma hufuata mtaala wetu na watoto wake hufanya mitihani yetu. Amani ya Sudan ilijadiliwa Machakos na Naivasha, ikatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Hata hivyo mtu aliyekaa na kijana huyo miaka kadhaa, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika, alipatikana Atlanta. Eggers simlaumu. Tena nampa heshima yake, kwa sababu mapato ya kitabu yalikwenda katika wakfu wa Valentino, nao ukajenga shule ya sekondari Marial Bai iliyofunguliwa mwaka 2009. Valentino mwenyewe baadaye alihudumu kama waziri wa elimu wa jimbo lake. Kitabu kilichonishinda mimi kimewapa watoto madarasa. Thamani yake haingoji machozi yangu. Lakini aliyekaa karibu na kisima na kufa kiu hawezi kumlaumu aliyetoka mbali na ndoo yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambi ya Kakuma sasa ina zaidi ya miaka thelathini, na pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu karibu 300,000. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua mlango kidogo, na hilo ni jema. Ila kuna jembe jingine tulilomnyima mgeni wetu ambalo halihitaji sheria ya bunge: kumpa nafasi ya kusema, nasi tukakaa tukasikia.

Na tusijifanye kwamba kukimbia ni habari ya watu wengine. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakaacha nyumba zao. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret uligeuka mji wa mahema. Waliokuwa watoto katika mahema hayo leo ni watu wazima, wana watoto wao, wako ofisini na sokoni pamoja nasi. Umewahi kumsikia mmoja wao akisimulia mpaka mwisho? Nina shaka kwamba baadhi yetu hatushindwi na vitabu vya wakimbizi kwa kuwa viko mbali. Tunashindwa kwa kuwa viko karibu mno, tukaona heri televisheni.

Tazama pia upande wa magharibi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma huko Kongo, kisha Bukavu, na watu wakamiminika Burundi na Uganda. Watoto hao hawahitaji mkalimani wa kuzungumza nasi. Wakiita mama zao wanaita kwa Kiswahili. Wakiota ndoto mbaya wanaota kwa Kiswahili. Itakuwa ajabu ikiwa siku moja wajukuu wetu watakisoma kisa chao kwa Kiingereza au Kifaransa, kimeandikwa na mtu aliyejifunza majina ya mitaa yao kwenye ramani, huku pembeni kukiwa na maelezo ya maneno ya Kiswahili, nusu yake makosa.

Kwamba njia ya kurudi ipo, tumekwisha kuonyeshwa. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana wa miaka 18, akafika Uingereza akiwa mkimbizi. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kutoka kwa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kitabu kilizunguka dunia kikarudi nyumbani, na waliokisoma kwa Kiswahili wanajua kwamba hakikurudi kikiwa mgeni.

Basi ombi langu ni hili.

Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kutoka ile hadi hii ni siku 17. Kila mwaka siku ya kwanza tunasikia hotuba za takwimu, na siku ya pili tunasikia hotuba za kuisifu lugha. Naomba tuziunganishe siku hizo mbili kwa kazi moja: kila kikundi cha wasomaji, kila darasa, kila kituo cha redio cha mtaani, kisikilize kisa kimoja cha aliyekimbia akiwa mtoto, kwa Kiswahili, mpaka mwisho. Kisa kimoja tu. Si lazima kiwe kitabu. Si lazima kiwe cha kutoa machozi.

Wewe uliyeshindwa na kitabu, acha kujidanganya kwamba umekimaliza, na acha pia kujichapa. Kirudie kwa kibaba. Sura moja kwa wiki, kwa sauti, pamoja na mwenzako. Tafuta mlango ulio wa kimo chako: duka, baiskeli, mchezo, chakula. Ukiingia kwa mlango huo, mto utaufikia kwa wakati wake, na utaufikia ukiwa umeshikana mkono na mtu unayemjua.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, nawasihi kwa upole. Katika madarasa yenu wamo watoto waliofika kutoka Juba, Mogadishu, Bukavu. Msiwasimamishe mbele ya wenzao waeleze vita. Jeraha si kielelezo cha kufundishia. Wapeni insha za kawaida wanazopewa wote: mchezo tulioupenda, chakula cha bibi, safari ya kwenda kuteka maji. Mtoto akitaka kuvitia vita ndani ya insha yake atavitia mwenyewe, kwa kipimo anachokimudu. Na akivitia, msimsahihishe ngeli kabla ya kumwambia kwamba mmemsikia.

Wachapishaji na watafsiri, tunahitaji vijitabu vyembamba. Jirani yangu alikataa kurasa 500, lakini kurasa 40 angezisoma akamsomea na binti yake. Jina la msimuliaji likae juu ya jalada kwa herufi kubwa, na sehemu ya mapato imrudie yeye au shule anayoichagua. Mfano wa Marial Bai tunao. Wasimamizi wa maktaba za kaunti, tengeni rafu moja na jioni moja. Wenye redio, nyinyi ndio mnaoingia hata mahali ambapo kitabu hakiingii. Mpeni msimuliaji saa nzima bila kumkatiza kwa matangazo kila dakika tano.

Nanyi ndugu zetu mliokimbia mkiwa watoto, hamna deni kwetu. Mkitaka kunyamaza, kunyamaza ni haki yenu. Lakini mkitaka kusema, msidhani Kiswahili ni cha wenyeji na nyinyi mmekiazima. Mlikilipia kwenye laini ya maji. Ni chenu kama kilivyo chetu, na kikitoka kinywani mwenu na lafudhi ya Kidinka, ya Kisomali au ya Kishi, ndivyo kinavyokua.

Kitabu changu sasa kiko mezani. Risiti imevuka ukurasa wa mia tatu, na sijakimaliza. Sioni haya tena, maana jioni za Jumapili jirani yangu huja na binti yake wa darasa la tano. Mimi nasoma ukurasa mmoja nikiutafsiri papo hapo, yeye ananisahihisha, na binti anatucheka sote. Wiki iliyopita aliandika mara saba yote kwenye karatasi, kutoka mara moja hadi mara kumi na mbili, akaibandika ukutani kwa baba yake.

Jirani wa namna hiyo huenda yuko nyuma ya ua wako pia. Nenda kabla ya tarehe 7 Julai. Ukifika, mpe salamu, kaa, na usianze na simba.